Ukimya wa anga watoweka wakati mnong'ono wa galaksi ukianza kusikika

Na Mwandishi Wetu

MWAKA 2027 wajumbe wa karibu mataifa yote ya dunia wanatarajiwa kukutana katika Mkutano wa Dunia wa Mawasiliano ya Redio, kuamua upya nani atumie masafa gani kati ya simu, redio, ndege, meli na setilaiti. Ajenda ya mkutano huo ni ndefu na sehemu kubwa yake ina fedha nyingi nyuma yake. Ndani yake kimo kipengele kimoja ambacho huenda kikapita bila kuandikwa magazetini: ulinzi wa darubini za redio dhidi ya kelele za misururu ya setilaiti zinazoizunguka dunia.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi hoja hiyo yaweza kuonekana kuwa ya watu wa mbali. Lakini Umoja wa Mawasiliano Afrika (ATU), chombo kinachoratibu msimamo wa pamoja wa nchi za bara hili kabla ya mikutano ya aina hiyo, una makao yake makuu Nairobi. Na mojawapo ya darubini zenye mengi ya kupoteza iko katika ardhi ya Afrika, nchini Afrika Kusini, Kenya na Msumbiji zikiwa miongoni mwa nchi nane washirika.

Ili kuelewa kinachogombewa, hapana budi kuanza na kile ambacho darubini hizo zinakitafuta. Yapo mengi, lakini hakuna kinachodai ukimya kama mng'ao hafifu wa mawimbi ya redio uliotanda ndani ya makundi ya galaksi.

Galaksi ni mkusanyiko wa mabilioni ya nyota, na jua letu ni nyota mojawapo katika galaksi iitwayo Njia ya Maziwa. Galaksi nyingi huishi kwa makundi. Kundi kubwa laweza kuwa na galaksi mia kadhaa hadi zaidi ya elfu moja, zote zikishikiliwa pamoja na nguvu ya mvutano. Hata hivyo, galaksi zenyewe ni sehemu ndogo tu ya uzito wa kundi. Kilicho kikubwa zaidi ni maada ya giza, ile isiyotoa mwanga wowote, ambayo mwanasayansi Fritz Zwicky aliishuku mwaka 1933 alipopima mwendo wa galaksi katika kundi la Coma. Baada ya hiyo hufuata gesi nyembamba mno, yenye joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi, iliyojaza nafasi kati ya galaksi moja na nyingine.

Katika nafasi hiyo ambayo jicho haliioni ndimo unamotoka mng'ao unaozungumziwa.

Habari zake si mpya. Mwaka 1959 watafiti watatu, Large, Mathewson na Haslam, walielekeza darubini ya mita 76 ya Jodrell Bank, Uingereza, kwenye kundi hilohilo la Coma, lililo umbali wa takriban miaka nuru milioni 320. Waliona chanzo cha mawimbi ya redio kilichotanda kwa upana usio wa kawaida. Ilichukua zaidi ya miaka 10 kabla ya Willson kuonyesha, mwaka 1970, kuwa chanzo hicho hakiwezi kuwa jumla tu ya galaksi zilizomo. Kulikuwa na kitu kingine baina yake, kilichosambaa kama ukungu wa asubuhi bondeni.

Kitu hicho ni elektroni, chembe zilezile zinazopita katika nyaya za umeme majumbani, isipokuwa hizi zinakwenda kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga. Zinapozunguka katika uga wa sumaku hutoa mionzi iitwayo sinkrotroni, ambayo hutufikia kama mawimbi ya redio. Uga wa sumaku katika makundi hayo ni dhaifu kuliko ule unaoelekeza dira zetu hapa duniani kwa zaidi ya mara laki moja. Udhaifu huo ndio sababu mojawapo ya mng'ao kuwa hafifu kiasi hicho. Sababu nyingine ni kwamba elektroni zenyewe ni chache mno, zimetapakaa katika eneo lenye upana wa miaka nuru milioni 3 au zaidi.

Hapo ndipo linapozuka fumbo ambalo limewaweka wanaastronomia kazini kwa zaidi ya nusu karne. (Wanaastronomia, si wale wanajimu wanaotutabiria mapenzi na fedha kwenye kurasa za burudani.) Elektroni inayotoa mionzi hupoteza nguvu. Katika mazingira ya makundi ya galaksi, nguvu hiyo huisha kwa muda wa miaka milioni 100 hivi. Isitoshe, elektroni haiendi mstari ulionyooka; hunaswa na uga wa sumaku, ikazungushwa na kupotezwa njia, kiasi kwamba kusambaa kutoka galaksi moja hadi pembezoni mwa kundi kungehitaji muda unaolingana na umri wa ulimwengu au kuuzidi.

Ni sawa na kumpokea abiria kituo cha mabasi Dar es Salaam akiwa na mkate unaotoa mvuke, naye akasema ameununua Mbeya. Mkate wa Mbeya hauwezi kufika Dar es Salaam ukiwa wa moto baada ya safari ya mchana kutwa. Ama ameununua njiani, ama kuna mtu ameupasha moto ndani ya basi.

Maelezo mawili makuu yalitolewa, na yanafanana mno na majibu hayo mawili. La kwanza lilisema elektroni huzaliwa papo hapo: protoni ambazo hazipotezi nguvu upesi hugongana na gesi, na katika migongano hiyo elektroni mpya hutoka kila mahali ndani ya kundi. La pili lilisema elektroni ni zilezile za zamani zilizochoka, ila hupewa nguvu upya na msukosuko wa gesi.

Ubishi huo ulidumu miaka mingi, na kwa maoni ya mwandishi huyu ni mfano mzuri wa jinsi sayansi inavyopaswa kuamuliwa. Maelezo ya kwanza yalikuwa na sharti lisiloepukika: migongano ya protoni ikitoa elektroni, ni lazima itoe pia mionzi ya gama. Darubini ya anga ya Fermi ilirushwa mwaka 2008 ikiwa na uwezo wa kuiona mionzi hiyo. Haikuiona kwa kiwango ambacho maelezo hayo peke yake yangehitaji. Tangu hapo mizani imeelemea upande wa pili, ingawa wapo wanaoamini kuwa protoni bado zina mchango wao, walau katika kuandaa mbegu za elektroni ambazo msukosuko huzikuza.

Na msukosuko huo unatoka wapi? Unatoka kwenye ajali. Makundi ya galaksi hukua kwa kugongana na kumezana, na migongano hiyo ni matukio yenye nishati kubwa kuliko yote yaliyopata kutokea tangu Mlipuko Mkuu ulioanzisha ulimwengu. Tukio moja laweza kuchukua miaka bilioni moja au zaidi. Hatuwezi kulitazama likianza hadi likaisha, lakini twaweza kuona alama zake. Wataalamu walipolinganisha picha za redio na zile za eksirei, waligundua kuwa ukungu mkubwa wa redio, ambao wao huuita halo, huonekana kwa sehemu kubwa katika makundi yaliyovurugika, yale ambayo bado hayajatulia baada ya kugongana. Yaliyotulia, kwa kawaida, hayana halo ya ukubwa huo.

Pembezoni mwa baadhi ya makundi hayo kuna alama nyingine, tao refu lenye kung'aa, linaloitwa masalia. Haya ni makovu ya wimbi la mshtuko lililopita katika gesi baada ya mgongano. Mwaka 2010 jarida la Science lilichapisha utafiti ulioongozwa na Reinout van Weeren kuhusu tao lenye urefu wa zaidi ya miaka nuru milioni 6, jembamba na lenye umbo safi kiasi cha kushangaza. Kundi lenye tao hilo wataalamu walilibandika jina la Soseji. Miaka miwili baadaye likafuata jingine linaloitwa Mswaki. Yaelekea watu wanaokesha usiku wakitazama mbali namna hiyo, njaa na asubuhi haviwaishi akilini.

Swali la kawaida ambalo msomaji angeuliza ni kwa nini jambo lililoonekana mwaka 1959 limeanza kueleweka miaka ya karibuni tu. Jibu ni la vifaa. Darubini kubwa ya sahani moja hukusanya mawimbi mengi lakini haitofautishi vizuri ukungu na galaksi zilizomo ndani yake. Darubini za sahani nyingi zilizotawanywa hutofautisha vizuri, ila zikitawanywa mno huupoteza ukungu wenyewe na kubaki na vile vidoa vyenye kung'aa. Kinachohitajika ni vyote viwili: sahani nyingi zilizosongamana katikati na nyingine zilizosambaa mbali.

India ilikuwa miongoni mwa waliotangulia. Darubini yake ya GMRT iliyoko karibu na Pune, yenye sahani 30 za mita 45 kila moja, ilifanya kazi kubwa ya kutafuta halo katika masafa ya chini. Kisha mwaka 2010 Uholanzi ikazindua LOFAR, mtandao wa maelfu ya antena ndogo ulioenea katika nchi kadhaa za Ulaya. Umuhimu wa masafa ya chini ni huu: elektroni zilizochoka huzidi kung'aa kadiri masafa yanavyoshuka. Zile ambazo hazionekani kabisa katika masafa ya juu, huonekana chini ya megahezi 200.

Matokeo yamekuwa ya kubadili vitabu. Mwaka 2019 timu iliyoongozwa na Federica Govoni ilitangaza kuona, kwa kutumia LOFAR, daraja la mawimbi ya redio linalounganisha makundi mawili, Abell 0399 na Abell 0401, ambayo bado hayajagongana. Mwaka 2022 uchunguzi wa makundi 309 kwa darubini hiyo ulionyesha kuwa takriban asilimia 30 yana halo. Mwaka huohuo Virginia Cuciti na wenzake walieleza katika jarida la Nature kuwa makundi manne yamezungukwa na ukungu mpana zaidi, wenye ujazo wa takriban mara 30 ya halo za kawaida. Kwa maneno mengine, kilichokuwa kikiitwa ukungu wa kundi kilikuwa kiini chake tu.

Afrika nayo imo. Darubini ya MeerKAT, yenye sahani 64 za mita 13.5 kila moja, ilizinduliwa Julai 2018 katika nyika kame ya Karoo, Jimbo la Northern Cape. Mwaka 2022 timu iliyoongozwa na Kenda Knowles wa Chuo Kikuu cha Rhodes ilitoa matokeo ya uchunguzi wa makundi 115, kila moja likiwa limetazamwa kwa saa 6 hadi 10. Katika makundi 62 kati ya hayo iliona mng'ao uliotanda, na jumla ya maumbo yaliyoorodheshwa ilikuwa 99, mengine yakisubiri kuthibitishwa. Zaidi ya nusu yake, yaani 56, hayakuwa yakijulikana kabla. Takwimu za uchunguzi huo ziliwekwa wazi kwa yeyote duniani mwenye kompyuta na ujuzi wa kuzitumia.

Sahani hizo 64 zinaunganishwa katika mradi mkubwa zaidi, SKA, ambao ujenzi wake ulianza rasmi Desemba 2022. Sehemu ya Afrika Kusini imepangwa kuwa na sahani 197. Sehemu ya Australia, inayoshughulikia masafa ya chini, imepangwa kuwa na antena zaidi ya 131,000, na ilitoa picha yake ya kwanza Machi 2025 ikitumia sehemu ndogo tu ya antena hizo. Makao makuu ya mradi yako palepale Jodrell Bank.

Sasa ndipo tunaporejea kwenye ajenda ya 2027.

Kusikiliza mng'ao huu ni sawa na kukaa wodini ukijaribu kusikia anachonong'ona mgonjwa, huku mdundiko unapita barabarani. Afrika Kusini ililijua hilo mapema. Mwaka 2007 ilitunga sheria mahususi ya kulinda maeneo ya astronomia, na Karoo ikawekewa masharti makali ya matumizi ya vifaa vinavyotoa mawimbi. Gharama yake si ndogo, na si haki kuiruka. Mashamba yalinunuliwa kwa ajili ya mradi, na wafugaji wa kondoo wa eneo hilo wamelalamikia masharti hayo pamoja na ugumu wa mawasiliano ya simu. Wao wamelipia ukimya ambao wengine wanaufaidi.

Lakini sheria ya nchi inaishia ardhini. Setilaiti inapita juu ya Karoo bila kuomba ruhusa ya mkulima wala ya waziri. MeerKAT tayari hupoteza sehemu ya masafa yake kwa sababu ya setilaiti za kuongozea njia, zile zinazotuonyesha mahali tulipo kwenye simu, pamoja na mawimbi ya ndege. Hayo yamezoeleka, na wataalamu wamejifunza kuyakwepa. Jipya ni idadi. Tangu mwaka 2019 kampuni ya Marekani ya SpaceX imerusha maelfu ya setilaiti za huduma ya intaneti ya Starlink, na kampuni na mataifa mengine yanafuata nyayo.

Mwaka 2023 watafiti waliotumia LOFAR walieleza kuwa kati ya setilaiti 68 za Starlink walizozichunguza, 47 zilikuwa zikivujisha mawimbi kati ya megahezi 110 na 188. Haya si mawimbi ya kuwasiliana na wateja. Ni uvujaji wa vifaa vya umeme vilivyomo ndani, kama redio ya mkulima inavyokoroma ukiiweka karibu na mashine. Mwaka 2024 watafiti waliripoti kuwa uvujaji wa setilaiti za kizazi cha pili ulikuwa na nguvu hadi mara 32 ya ule wa kizazi cha kwanza. Msomaji alinganishe: masafa hayo ndiyo yaleyale yaliyoonyesha daraja la mwaka 2019 na ukungu mpana wa mwaka 2022. Ndani yake kuna hata kipande, megahezi 150.05 hadi 153, ambacho kanuni za kimataifa zimekitengea astronomia.

Ugumu wa kisheria ni kwamba kanuni hizo ziliandikwa kwa ajili ya mawimbi yanayotumwa kwa makusudi. Uvujaji usiokusudiwa kutoka angani haukufikiriwa, kwa kuwa wakati huo setilaiti zilikuwa chache na hakuna aliyejali. Kampuni inaweza kuwa inafuata kila sharti na bado ikaziba masikio ya darubini. Kumnyooshea kidole anayefuata sheria ni kazi rahisi. Kazi ngumu ni kuiandika upya sheria hiyo.

Upande wa pili una hoja nzito, hasa kwetu. Huduma ya Starlink iliingia Rwanda na Kenya mwaka 2023, na kwa shule au zahanati iliyo mbali na mkongo, setilaiti huenda ndiyo njia pekee ya kuunganishwa na dunia. Mjumbe wa Afrika Mashariki atakayesimama mkutanoni kutetea galaksi zilizo umbali wa miaka nuru milioni 320, ilhali kijiji cha jimboni kwake hakina mtandao, atakuwa na kazi kubwa ya kujieleza. Serikali ikiambiwa ichague kimojawapo, jibu linajulikana.

Ila si lazima ichague. Uvujaji unaozungumziwa haumpi mteja chochote. Ukizibwa kiwandani, mwanafunzi wa kijijini hatapoteza hata sekunde moja ya huduma yake. Marekani yenyewe imeonyesha kuwa mengine yanawezekana: taasisi yake ya taifa ya astronomia ya redio imeshirikiana na SpaceX kujaribu utaratibu ambao setilaiti hugeuza miale yake zinapopita mbele ya darubini. Jaribio hilo lilifanikiwa kwa sababu pande zote mbili zilitaka. Nchi isiyo na soko kubwa wala darubini haina cha kumfanya mwenye setilaiti atake. Njia iliyobaki kwake ni kanuni ya kimataifa, na katika kuitunga kanuni hiyo kila taifa lina kura moja, liwe kubwa au dogo.

Hapo ndipo udhaifu wetu unapoonekana. Nchi nane washirika wa SKA barani ni Botswana, Ghana, Kenya, Madagascar, Mauritius, Msumbiji, Namibia na Zambia. Tanzania na Uganda hazimo. Washirika hao wamepata ufadhili wa masomo kupitia mpango wa Afrika Kusini ulioanza mwaka 2005, na mafunzo ya vitendo kupitia mradi wa Uingereza uitwao DARA. Ghana ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2017 ilizindua darubini ya redio huko Kuntunse, iliyotokana na sahani ya zamani ya mita 32 ya mawasiliano ya simu ambayo ilikuwa imepitwa na wakati baada ya kuja kwa mkongo. Kituo cha Longonot nchini Kenya, chenye sahani za aina hiyo, kilitajwa katika mpango huohuo.

Nchi ambayo haina hata mwanafunzi mmoja aliyewahi kusafisha picha ya MeerKAT, akiondoa kelele za setilaiti mstari kwa mstari, itapeleka mkutanoni wajumbe wanaojua bei ya masafa na wasiojua kinachopotea yakichafuka. Mamlaka zetu za mawasiliano zina wahandisi hodari, na hilo halina ubishi. Lakini wao wamefundishwa kuhakikisha ujumbe unafika, si kuulinda ukimya ambao ndani yake ujumbe dhaifu kuliko wote unaweza kusikika. Vyuo vikuu vina nafasi ya kuwasaidia kabla msimamo wa Afrika haujafungwa, na muda uliobaki ni mfupi.

Kipengele chenyewe, kwa atakayependa kukifuatilia, kimepewa namba 1.16 katika ajenda. Kinahusu maeneo tulivu kama Karoo pamoja na masafa yaliyotengewa astronomia.